Maji Haya Ninawe au Ninywe?

Bango lilifika kijijini kabla ya ugonjwa. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi 2020, mvua bado zinanyesha, na mganga mfawidhi wa zahanati yetu alinikabidhi likiwa limekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. "Dada, kalibandike pale kwenye mwembe wa mkutano, halafu upite kaya kwa kaya." Nikalikunjua njiani. Mikono miwili, povu jeupe, na juu yake bomba linalong'aa likimwaga maji. Nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka. Nililitazama lile bomba kwa muda. Kitongoji changu kizima hakikuwa na bomba hata moja la namna ile, na nilijua hivyo kwa sababu kaya zote nilikuwa nimeziandika daftarini kwa mkono wangu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Newala, mkoani Mtwara, juu kwenye uwanda wa Makonde. Kazi yenyewe ni ya kujitolea: kufuatilia wajawazito, kuhimiza kliniki, kugawa kingatiba ikija, kupeleka taarifa. Kinachonilisha ni mikorosho niliyoachiwa na mama. Nayasema haya mapema ili anayesoma asije akadhani anamsoma daktari. Ninachokijua kuhusu korona nilikijulia mlangoni kwa watu, na mengine niliyajua baada ya kukosea.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi, kesho yake shule zikafungwa. Kwetu Arusha ni jina la kwenye redio. Lakini watoto kurudi nyumbani na madaftari katikati ya muhula, hilo kila mtu aliliona, na ndipo watu wakaanza kuniuliza njiani: "Nesi, hicho kitu kimefika?" Wananiita nesi ingawa si nesi. Nimeshachoka kukanusha.

Kwa asiyetokea huku, sharti kwanza nimweleze habari ya maji yetu. Uwanda uko juu, udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama. Chemchemi ziko mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde upo tangu enzi za mkoloni, unasukuma maji kutoka huko chini kuja juu, na mitambo ikigoma basi tumegomewa sote. Ndiyo maana mwenye uwezo hujichimbia kisima cha mvua pembeni ya nyumba: shimo limesakafiwa kwa saruji, mfereji unashusha maji kutoka paani. Mwenye bati ana maji yake mpaka Julai, akibana sana anaigusa Agosti. Mwenye nyumba ya nyasi hana akiba, kwa kuwa nyasi hazikusanyi kitu, na hayo kidogo yanayodondoka yana rangi ya chai ya rangi. Ukitaka kujua nani ana nini kijijini kwetu, usiulize mtu. Tazama paa.

Nyumba ya tatu siku ile ilikuwa ya bibi mmoja tunayemwita Bibi wa Mwembeni. Paa la nyasi, wajukuu wanne, binti yake yuko Dar es Salaam anafanya kazi za ndani. Nikapiga shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanitandikia mkeka. Nikamsomea maneno ya bango kama tulivyofundishwa: unawe mara kwa mara, sekunde ishirini, maji yawe yanatiririka, usinawie beseni moja na wenzako. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na ndoo yenye maji nusu na kuiweka katikati yetu.

"Haya nimeyaomba kwa jirani asubuhi. Sasa nieleweshe mwanangu, maji haya ninawe au ninywe?"

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu sikuwa na jibu, yeye hakucheka.

Usiku ule nilikaa na daftari na kikokotoo cha simu. Nilikuwa nimejaribu nyumbani kwangu, mwanangu akinimiminia kwa kata huku nikihesabu mpaka ishirini: zilikwenda lita mbili hivi. Kaya ya Bibi ina watu watano. Kila mmoja akinawa mara sita kwa siku, lita 60. Ndoo tatu. Mwezi huo wa mvua angeweza kuomba, lakini Septemba na Oktoba kwetu hakuna wa kuombwa. Maji yanapita barabarani yamefungwa kwenye baiskeli na bodaboda, na ndoo ya lita 20 ilikuwa shilingi 500, yakiadimika inapanda. Ndoo tatu ni 1,500 kwa siku, 45,000 kwa mwezi, mikono peke yake, sabuni bado. Nikalinganisha na kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii niliyokuwa nikihangaika kila mwaka kuwashawishi watu wakate: wakati ule ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, mwaka mzima. Yaani kunawa kwa mwezi mmoja kama bango linavyotaka kungemgharimu Bibi kuliko kutibiwa mwaka mzima yeye na wajukuu wake. Nilirudia hesabu nikidhani simu imekosea.

Tangu usiku ule sikuweza tena kusema "ni rahisi, nawa tu". Neno hilo "tu" nimelifuta kwenye mahubiri yangu. Kila mtu aliambiwa neno lile lile, mwenye bati na mwenye nyasi, lakini gharama ya kutii haikuwa moja. Na asiyetii aliitwa mbishi.

Asubuhi nilirudi kwa Bibi na dumu la mafuta ya kula la lita tano. Kibuyu chirizi si uvumbuzi wangu, kilikuwa kikifundishwa kwenye kampeni za vyoo miaka mingi kabla ya korona, na kwetu kilikuwa kimesahaulika kama mambo mengi ya semina. Unapasha msumari moto, unatoboa ubavuni karibu na shingo, unapitisha mti kwenye mkono wa dumu na kuuegesha juu ya panda mbili. Shingoni unafunga kamba, mwisho wa kamba unafunga kijiti kinacholala chini. Ukikikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika membamba kama mkojo wa mtoto. Ukiachia, linasimama. Mikono haigusi kitu. Sabuni unaitoboa katikati na kuining'iniza kwa kamba, vinginevyo kunguru anaondoka nayo, na kunguru wa kwetu wanapenda sabuni kuliko sisi.

Dumu la kwanza niliharibu. Msumari ulikuwa mnene, tobo likawa kubwa, lita tano zikaisha kwa wajukuu wawili huku Bibi ananitazama. La pili lilikaa sawa. Tulipima: kunawa mara moja kulikula maji yasiyojaza kikombe cha kahawa. Dumu moja likatosha kaya nzima asubuhi mpaka jioni. Hadi mwisho wa Aprili nilikuwa nimesaidia kutengeneza karibu kila nyumba ya nyasi kitongojini, na mafundi wakubwa walikuwa wale watoto waliofungiwa shule. Bado najiuliza kwa nini aliyechora bango alichora bomba na hakuchora dumu.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za taifa zilisema wagonjwa 509 na vifo 21. Kutoka hapo namba zikanyamaza, zisitangazwe tena mpaka mwaka uliofuata. Namba zikinyamaza, midomo haifungi. Huku kwetu ikavuma kwamba ukienda zahanati na homa wanakubeba karantini na hurudi. Siku ya kliniki benchi likabaki tupu. Kina mama waliokuwa wanakuja na watoto wa kupimwa uzito wakawa wananikwepa hata njiani. Na mimi, kwa kuogopa msongamano, nilikuwa nimeongeza la kwangu ambalo hakuna aliyenituma kulisema: "Tusijazane zahanati. Kama homa si kali, tulieni nyumbani kwanza."

Mei, baada ya mvua, ni mwezi wa mbu. Mikoa yetu ya kusini imo kwenye orodha ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Jioni moja Mama Pacha alikuja mlangoni kwangu, Kurwa mgongoni. "Dada, mwenzio anachemka tangu jana." Nilimgusa mtoto, moto kweli, lakini alikuwa anatazama na alikuwa ananyonya. Nikamwambia mama yake ampe dawa ya homa, amkande kwa maji, asubiri siku mbili tuone, zahanati si pa kukimbilia ovyo siku hizi. Alinishukuru. Hilo la kunishukuru ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Usiku wa pili degedege likamshika. Bibi mmoja mtaani akasema ni mashetani, asichomwe sindano, aitwe fundi wa kienyeji. Ikapotea saa nzima kwa ubishi. Nilipofika, mtoto alikuwa amelegea, nikageuza viganja vyake kwenye mwanga wa tochi ya simu: vyeupe, kama vimepakwa unga. Tukampakia kwenye bodaboda, mama katikati, mimi nyuma, bila taa ya maana, mpaka zahanati. Mganga alitoboa kidole, tone la damu kwenye kipimo, mistari miwili ikajitokeza hata dakika hazijatimia. Akamchoma sindano ya kwanza, akaandika rufaa. Matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure kisera. Bodaboda usiku si bure, na kulala siku sita hospitalini ukimlisha mgonjwa si bure, na baba yake alikuwa msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho ya watu, kila siku asiyokwenda halipwi. Kurwa aliongezewa damu, ya baba yake mdogo. Akapona. Sasa yuko shule, ana kelele kuliko Doto.

Mama Pacha hakunilaumu. Aliniuliza mara moja tu, tumekaa nje ya wodi kwenye kanga zetu: "Si wewe dada uliyesema tusubiri?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Hatukuongea tena hadi asubuhi.

Nimelifikiria sana lile neno "tulia nyumbani". Nililiokota redioni, huko wanakoambiwa watu wenye homa watulie. Lakini anayetulia nyumbani mjini ana duka la dawa mtaani, ana gari la kumkimbiza hali ikibadilika, pengine ana daktari wa kumpigia. Wizara ilitoa namba 199 ya bure, nasi tuliitangaza. Kwetu mtandao unaufuata barabarani kwenye kichuguu, umesimama kama mnara. Kwa mtoto wa uwanda wa Makonde, homa inatakiwa ipimwe ndani ya saa 24, na ilikuwa hivyo kabla ya korona, wakati wa korona, na baada yake. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelifundisha mwenyewe, kwenye mwembe ule ule. Kelele za ugonjwa mpya zilinisahaulisha ugonjwa tuliokaa nao siku zote.

Nilizunguka upya kaya zote nikiwa nimebeba ujumbe wa kinyume, na nilisema wazi kuwa ule wa kwanza ulikuwa kosa langu. Wapo waliocheka. Mzee mmoja aliniambia, "Nesi anayegeuka kama tiara!" Sawa. Benchi la kliniki lilirudi kujaa taratibu, si kwa sababu yangu, nadhani ni kwa sababu ya Kurwa.

Kuna jingine dogo nisiliache. Aprili ile ile Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni za kugawa dawa za magonjwa yasiyopewa kipaumbele zisimame kwanza. Kwetu pwani na bara hii ya kusini, hiyo maana yake ni kingatiba ya matende na mabusha: unapita na fimbo ya kupimia urefu, mtu anasimama kando yake kama mwanajeshi, urefu wake unakuambia vidonge vingapi vya ivermectin. Baadaye tukasikia kwamba nchi za nje watu wanaigombania ivermectin hiyo hiyo madukani wakidhani inatibu korona. Fimbo yangu ilikuwa imeegemea ukutani, buibui ameshafunga utando. Mabusha hayapigi kelele redioni. Mwenye busha hana hata pa kulalamikia, anaona haya.

Mwaka 2021 ulianza kwa vifo. Tangazo la msiba likisomwa unasikia "changamoto ya upumuaji", kila mtu anaelewa, hakuna anayelitaja jina. Februari wajomba zangu wawili wakaugua ndani ya wiki mbili. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kusalimiwa sikukuu, mjomba ndiye mwenye wewe, kwa hiyo niliwauguza wote wawili kwa moyo mmoja, mmoja kwa mikono na mwingine kwa simu.

Mjomba mkubwa alikuwa mstaafu, anaishi Mtwara mjini, ana bima, ana watoto wenye kazi nzuri. Pumzi zilipombana, walimpakia kwenye gari binafsi wakaukata mwendo wa zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, madirisha wazi, mtungi wa oksijeni wa kukodi umefungwa kwa mkanda kwenye kiti. Alilazwa siku tisa, akafa. Mjomba mdogo alikuwa hapa kijijini, chini ya nyumba yangu, mkulima. Hakuwa na wa kumpeleka popote. Tulimfunika blanketi juu ya sufuria: mchaichai, majani ya mwarobaini, maganda ya ndimu. Kila asubuhi na jioni nilihesabu pumzi zake kwa saa ya simu, maana kile kifaa cha kubana kidoleni nilikuja kukishika mwaka uliofuata. Siku mbili alinitisha. Siku ya kumi na moja aliomba ugali.

Hakuna kati yao ambaye kijiji kiliona cheti cha kipimo chake. Lakini matangani, mjomba mdogo amekaa kwenye mkeka, amekonda, anakohoa bado, akasema maneno ambayo yalienea mdomo hadi mdomo mpaka Tandahimba, wilaya ya jirani: "Kaka walimpeleka kwenye mashine. Mimi niliachwa na nyungu." Watu wakatikisa vichwa. Ukawa ushahidi.

Nilitamani kusimama. Mjomba mkubwa alikuwa na miaka 71, ana kisukari na presha. Mdogo alikuwa na 58, mwembamba, analima mpaka jua kali, hajui presha ni nini. Msibani huwezi kusema hivyo, utaonekana unamkosoa maiti. Na kulikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemtaja. Mzee mmoja nyumba ya mwisho njia ya bondeni, mgeni wa kuja, hana mke wala watoto. Alijifukiza nyungu ile ile, mwarobaini ule ule, sufuria nilimpelekea mimi. Alikufa Jumanne, tukamzika Jumanne. Hakuwa na mpwa wa kumhesabu pumzi asubuhi na jioni. Mimi nilipita mara mbili tu, nilikuwa kwa mjomba. Wala hakuwa na ndugu wa kukaa mkekani na kusema nyungu ilimshinda. Aliyepona alisimulia, na aliyekuwa na watoto alisimuliwa. Yule mzee yumo kwenye daftari langu, mstari mmoja.

Kwa hiyo chanjo ilipokuja ilikuta kijiji kimeshaamua. Uingereza walianza kuchanja tarehe 8 Desemba 2020. Sisi Januari iliyofuata tulikuwa tunamsikia hayati Rais Magufuli akisema chanjo zile hazifai. Alifariki tarehe 17 Machi 2021, Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mwenyewe mbele ya kamera. Dozi za kwanza zilikuwa milioni moja na elfu hamsini na kitu, za Johnson & Johnson, zilizotoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, kwa nchi ya watu karibu milioni sitini. Wenzetu walikuwa wanapigiwa hesabu ya dozi ya tatu.

Wengi wanasema watu walikataa kwa uvumi: utageuka zombi, hutazaa. Uvumi ulikuwepo, niliusikia wote. Lakini hoja iliyonishinda ilitoka kwa Bibi wa Mwembeni, na haikuwa uvumi. "Mwanangu, maji tumeomba tangu mama yako yuko hai. Hayajaja. Hiki sijaomba, kimeletwa kwa ndege, bure, na wanakibembeleza nikipokee. Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?" Nilimwambia ningefikiri kama yeye. Kisha nikamwambia mimi nitachanja.

Mwanzo chanjo ilikuwa mbali, hospitalini mjini. Dozi bure, nauli ya kwenda na kurudi sawa na ndoo nane za maji za mwezi ule. Nilikwenda Septemba, nikakaa kwenye foleni ya walimu, watumishi wa halmashauri na wafanyabiashara wa mjini. Mkulima nilikuwa peke yangu, au pengine wengine walijificha. Waliochanjwa ni waliokuwa karibu na barabara, waliokuwa na nauli, waliokuwa na mwajiri wa kuwaruhusu. Kisha kwenye taarifa ikaandikwa kwamba vijijini kuna mwitikio mdogo.

Mambo yalibadilika muuguzi alipoanza kuja kwa pikipiki, kibebeo cha baridi kimefungwa nyuma, na kuketi chini ya mwembe. Hakuhutubia. Alikunja karatasi, akauliza, "Nani ana presha? Nani ana sukari? Njooni niwapime." Aliwapima kwanza hicho walichokuwa wanakitaka wao. Nusu ya waliopimwa presha siku ile walikuwa hawajawahi kufungwa kile kitambaa mkononi maisha yao yote. Baada ya hapo ndipo akafungua kibebeo. Bibi alikuwa wa sita. Mjomba mdogo alikuja wa mwisho kabisa, jua linazama, akakunja mkono wa shati: "Choma. Lakini nyungu siiachi." Muuguzi akamwambia hakuna aliyemwambia aiache.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura imekwisha. Ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao serikali iliuchukua kwa ajili ya UVIKO-19, sehemu kubwa iliyoonekana kwa macho ni madarasa, na shule yetu ilipata mawili. Ni madarasa mazuri. Mabati yake yanaonekana tangu barabarani, na kamati ya shule ilichangishana mfereji na simtanki, sasa mvua ya bati la korona inanywesha watoto wa vitongoji vitatu.

Mwezi uliopita nilipita kwa Bibi kumpelekea taarifa ya kliniki ya macho. Amezeeka, lakini makali ya ulimi hayajapungua. Zile panda mbili bado zimesimama uani, mti umelala juu yake, dumu halipo. Nikalitafuta kwa macho. Liko mlangoni, tobo limezibwa kwa nta, limejaa maji ya simtanki ya shule ambayo mjukuu wake ameyabeba kichwani.

"Umeliziba, Bibi."

"Nimeliziba. Lilikuwa linavuja njiani."

Nikamuuliza ndoo sasa wanauza ngapi kijiweni. Akasema ile ile, mia tano, wakikuonea mia saba. Kisha akanikaribisha mihogo. Akachota kikombe kimoja kutoka kwenye dumu, akanielekeza nisogee kwenye kitalu chake cha mchicha, na kunimiminia polepole vidoleni huku akihakikisha yanadondokea kwenye mashina.